Ya Kumeza Mzima

Mimi nina hasira za karibu, sijawahi kuficha. Kwa hivyo daktari wa kliniki ya Kitale aliponiuliza, "Mama, huyu mtoto unampa dawa kweli?" nilisimama kabisa. Nilikuwa nimetoka Bungoma alfajiri na mtoto wa marehemu dada yangu, msichana wa miaka saba. Kliniki za karibu nilikuwa naziruka ili majirani wasijue tunatibiwa nini. Virusi vya UKIMWI vilimchukua dada yangu akaniachia huyu mmoja tu. Na dawa aliyokuwa akitumia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Zile za kwanza zilikuwa zimemkataa.

"Asubuhi na jioni!" nikasema. "Sijaruka hata siku moja. Si umuulize mwenyewe!"

"Basi mbona virusi vinapanda?"

Ningejua wapi? Mtoto alikuwa amebaki shingo na macho.

"Mimi mwenyewe ndio naponda, na mikono yangu hii."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unaponda?"

Ilikuwa hivi. Hii dawa ya mwisho, mwanzoni alipewa kwa vidonge laini vyenye mafuta ndani, vinavyotaka friji. Mimi friji nitoe wapi? Nilikuwa navifunga kwa kitambaa kibichi na kuviweka kando ya mtungi, na bado joto la Januari likavigandanisha kama peremende mfukoni. Baadaye zikaja hizi mpya, ngumu, zisizotaka friji. Nilifurahi, bana, nikaimba njia nzima. Msichana wa dirisha la dawa aliniambia, "Hii ni ya kumeza mzima, mama," nikaitikia. Mtu mzima anameza, nani hajui? Sasa mtoto wa miaka saba ni mtu mzima? Nikawa naponda kwa kitako cha glasi, nachanganya na uji.

Wee! Ule unga ulikuwa mchungu, niliuonja mara moja nikasukutua mpaka jioni. Mtoto alikuwa anautema. Nilimbana katikati ya magoti, nikamfinya pua, siku zingine nikamchapa na ndara. "Unataka kufa kama mama yako?" Nilimwambia hivyo, mtoto wa watu, na uji ukimtiririka kidevuni.

"Kidonge kizima, mama," daktari akasema polepole. "Kisipondwe, kisikatwe, kisitafunwe."

Akakiweka kimoja mezani, akanieleza. Dawa yenyewe haipendi maji. Ukiimwaga tumboni hivi hivi, nyingi inapita tu. Kule kiwandani wanaiyeyusha kwa moto pamoja na kitu jamii ya plastiki, vikipoa vinakuwa vimeshikana. Hicho kitu ndicho kinaisaidia kuyeyuka tumboni na kuingia kwenye damu. Ukiponda, unaharibu ile kazi yote.

"Si ni nyinyi mlisema joto linaharibu dawa?"

"La nyumbani kwako, ndiyo. La kiwandani limepimwa."

Akasema tumpe vidonge vizima miezi mitatu, tupime tena. Virusi visiposhuka, hana dawa nyingine ya kumpa. Vilishuka, Mungu ni mkubwa, lakini siku hiyo sikujua.

Akaitisha kikombe cha maji. Nikamwambia aache, mtoto ni mdogo, atapaliwa. Kabla sijamaliza, mtoto mwenyewe alichukua kidonge, akakiweka kwenye ulimi, akanywa maji. Kikaenda. Akafungua mdomo daktari aone.

Halafu akanigeukia. Alikuwa anashangaa.

"Mama," akasema, "kumbe hii haina uchungu."