Hukumu ya Afande Juu ya Mchezo Mpya

Katika ukumbi mmoja wa michezo ya video hapa Kisugu, toleo jipya la mchezo mmoja wa mapanga haliguswi na mtu kabla ya afande mmoja, bingwa wa matoleo yote ya nyuma, kulicheza na kulitolea hukumu. Jumamosi adhuhuri akaja. Lakini safari hii amerudi kutoka kazini mpakani, na mkono wake wa kushoto hauna vidole.

Aliegemeza pedi ya kuchezea gotini, akacheza kwa mkono mmoja. Mchezo huo hautaki ushindi tu, hutoa alama kwa madaha ya kupigana. Afande aliliua jitu la kwanza kwa shida, na kioo kikamwandikia herufi ya mwisho kabisa, alama ya chini kuliko zote.

"Banange, afande, toleo hili bovu!" jamaa mmoja akawahi kusema. "Wameliharibu!"

Sote tukaitikia kwa nguvu. Tulikuwa tunamfungulia njia ya kutoka na heshima yake.

Afande aliifuta pedi kwa shati, akaiweka mezani taratibu.

"Wacha uongo, ssebo. Mchezo mzuri huu. Unaushinda ule wa zamani. Kaeni mcheze."

Mimi ni mchekeshaji; watu wasipocheka nikiwa jukwaani, huwa nalaumu kipaza sauti.