Niliyoyaona Siyasemi

Assalaam aleikum, kina mama wenzangu. Mimi ni Mwanahawa, wa hapa hapa Baleni, kisiwani Mafia, na kabla sijasema lolote mjue kwamba mimi ni muoga. Watu wanadhani mwosha maiti haogopi kitu. Wee! Maiti siwaogopi. Ugonjwa wangu ndio niliouogopa mpaka tumbo likaniendesha.

Zamani nilikuwa mzima, nalima muhogo, nakuna nazi, nacheka na watu. Kazi ya kuosha wanawake wanapofariki alinirithisha mama, na sharti lake la kwanza lilikuwa hili: ulichokiona kwenye mwili wa maiti, utazikwa nacho. Uzuri waweza kuusema. Aibu na maradhi, unafunga mdomo.

Kisha nikapata kansa ya titi la kushoto. Uvimbe ulitolewa Dar es Salaam, nikachomwa dawa za kansa mishipani, nikapona. Tukasoma maulidi, watu wakala pilau. Miaka ikapita. Siku moja naoga, kidole kikagusa kitu pembeni ya kovu. Kigumu, kama punje ya kunde, hakiumi. Nikakaa chini pale pale bafuni, povu mwilini, nashindwa hata kuita mtu.

Daktari, dada mmoja wa bara mwenye sauti ya upole, alinishika mkono. "Mama, ugonjwa umerudi. Safari hii nashauri tuondoe titi lote, halafu dawa za mishipa tena."

"Nikikatwa nitapona?"

"Siwezi kukuahidi. Ila ukiuacha, hautakaa hivyo ulivyo. Nenda kaongee na watu wako, lakini usichelewe."

Nikarudi Mafia na hofu yangu. Usingizi sina, chakula hakipiti. Mama ndiye aliyenikalia kooni. "Ulikatwa mara ya kwanza, umerudi. Chuma kinauchokoza huo! Kunywa kombe, tulia, Mungu yupo." Mume wangu Haji akasema, "Mimi nakutaka wewe. Titi baki nalo au liache." Kisha akatoka nje, nikamsikia anapenga kamasi. Nami, niseme kweli, nilitamani maneno ya mama yawe ndiyo. Niliogopa kisu. Niliziogopa zile dawa zilizonitapisha mpaka nyongo. Kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, haliumi. Nikanywa, wiki zikaenda, ile kunde ikawa kama korosho.

Hapo nikaitwa kuosha. Marehemu simtaji, na kwao sikutaji. Alikuwa na ugonjwa kama wangu, na hospitali alikataa. Hayo hayakuwa siri. Niliingia na maji na karafuu maiti, nikafunua kanga.

Niliyoyaona siyasemi. Nilimwosha taratibu, nikamsitiri, nikamvisha sanda. Mikono ilinitetemeka hata wenzangu wakaniuliza kama nina homa.

Nyumbani nikamkuta mama anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesawajika hivyo? Umeona nini?"

"Mama, wewe ndiye uliyenifundisha nisiseme."

Ungo ukatulia mikononi mwake. Mama ameosha wanawake wa kijiji hiki tangu mimi sijazaliwa, na ananijua: maiti hajawahi kunitetemesha. Akanitazama usoni, kisha kifuani. Machozi yakamtoka. "Basi nenda kakatwe, mwanangu. Nenda kesho."

Nikaenda. Sitawadanganya kwamba hofu niliiacha Mafia. Kwenye kitanda cha upasuaji meno yaligongana, dua zote zikanitoka kichwani, mpaka nesi mmoja Mkristo akaniinamia: "Mama, sema Bismillahi." Nikasema. Nilizinduka kifua kimefungwa bendeji, mpira wa kutolea damu na maji unaning'inia ubavuni. Siku ya kufungua nikafumba macho. Haji ndiye aliyeangalia kwanza. "Loo," akasema, "wameshona vizuri kuliko yule fundi wako wa magauni." Nikacheka huku nalia, na kidonda kikaniuma.

Dawa zilinitesa. Nywele zilitoka, kucha zikawa nyeusi, mdomo ukajaa vidonda, uji nikinywa nalia. Mkono wa kushoto ulivimba, mpaka leo sibebi ndoo nao.

Lakini nipo. Alhamdulillahi! Kila nikiitwa kupimwa tumbo linaniendesha vile vile, na naenda hivyo hivyo. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na Haji, na mama, ambaye bado ananiletea kombe lake. Nalinywa, na kliniki naenda. Nanyi mkioga jipapaseni. Mkiambiwa mnao, au umerudi, ogopeni, nani atawakataza? Ila ogopeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Na wewe utakayeniosha siku yangu ikifika, pengine umekaa humu humu. Utakuta upande mmoja titi hamna, pana kovu tu. Hilo usilifungie mdomo. Nimekupa ruhusa. Toka nje uwaambie.