Chipu Iliyokataa Kusomwa

Baba alikuwa mwanajeshi mstaafu, na mapafu yake yalikuwa yamechoka. Nyumbani kwetu, mtaa wa Kyebando, alipumua kwa mashine ya oksijeni, ile inayochuja hewa ya chumbani na kuipeleka puani kwa mrija. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu. Mashine ikapiga king'ora, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza.

Tulimwunganisha na mtungi mdogo wa akiba. Kutoka kitandani akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Sasa wewe si ndio fundi ya hii vitu?"

Kweli, kazi yangu ni kuandika programu za chipu ndogo zinazoendesha mashine. Nilifungua kifuniko. Mota ilikuwa nzima, nyaya nzima. Karibu na chipu palikuwa na vitone vya shaba ambako kiwandani huunganisha kebo ili kuingiza programu na kuchungulia hitilafu. Nikalehemu nyaya nyembamba, nikaunganisha kwenye kompyuta. Chipu ilijibu! Ilinitajia hata aina yake. Lakini programu yake ilikuwa imeharibika: ilianza, ikajizima, ikaanza tena.

Nilihitaji nakala nzima ya programu hiyo. Niliwaandikia watengenezaji, kimya. Muuzaji mjini aliniambia ninunue nyingine.

Jirani yetu, mama kutoka Kongo anayeuza vitenge, alikuwa na mashine kama yetu kwa ajili ya mama yake mzazi. Aliposikia, aliileta mwenyewe, bibi huyo akiwa amepata nafuu kidogo, akaketi kunitazama. Nilifungua, nikaunganisha, nikaomba kunakili. Kompyuta ikaniambia kumbukumbu imefungwa, na kwamba nikitaka kuifungua, kila kilichomo kitafutika. Chini yake palikuwa na kitufe cha kukubali.

Niliondoa mkono kwenye meza kabisa.

"Kaka, shida iko wapi?" akauliza. "Hii inatembea, ile imekufa. Si utoe huku uweke kule?"

"Ndiyo dada, ndivyo ingekuwa. Lakini waliotengeneza wamefunga. Nikilazimisha, ya bibi nayo itakufa."

"Walifunga juu ya nini? Mgonjwa atawaiba nini?"

Nilijua ni kuzuia washindani wasiibe kazi yao. Hata mimi huwafungia wateja wangu hivyo hivyo kabla bidhaa haijatoka. Nilichomoa nyaya, nikafunga mashine yake, nikaiwasha. Ilipoanza kunguruma ndipo nilipovuta pumzi.

Baba alikuwa akitusikiliza. "Imekataa?"

"Imekataa, Mzee."

Akageukia ukutani. Chuma cha kulehemia kilikuwa bado moto mkononi mwangu na sikujua nikiweke wapi.

Yule mama ndiye aliyesema Mzee aende kwao mchana kutumia mashine yao, bibi anapoweza kukaa bila mrija; usiku abaki na mtungi. Basi nikawa nampeleka, nimemshika kwapa, na mrija wake mfukoni mwangu. Mzee na bibi walielewana kwa Kiswahili chao, kila mmoja akicheka cha mwenzake. Nilikaa mlangoni nikiangalia saa na midomo ya wote wawili, nikihofia ni nani atakayebadilika rangi kwanza.

Mvua zilipoanza, Mzee alizidiwa, tukampeleka wodini. Hakurudi.

Mashine yetu ningali nayo. Nikiiunganisha na kompyuta, chipu bado inanitajia aina yake.