Mbuzi wa Kufungua Dosye

Kalemie, miaka ile ya Zaire, mwenye kesi alikwenda kwa mwanasheria, Metre Kyungu. Lakini kumfikia metre ilibidi kwanza upite kwa Mama Adolphine, na hapo, ndugu yangu, haikuwa mchezo. Biro yenyewe, yaani ofisi yao, ilikuwa vyumba viwili karibu na stesheni ya reli: cha ndani cha metre na vitabu vyake vya sheria, cha nje cha Mama Adolphine na Virginie wa mashine ya kupiga chapa, pamoja na kiti kimoja cha mteja.

Metre alijua kusema mbele ya majaji, lakini moyo wake ulikuwa laini mno. Mtu akimlilia kidogo tu, kesi inakuwa ya bure. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba nusura awatupe nje, vitabu na yote. Ndipo Mama Adolphine, mjane kutoka Manono aliyezoea kuuza samaki wa kukauka, alipochukua funguo. Tangu hapo kodi, tembre za kubandika kwenye karatasi za mahakama, kaboni na mshahara wa Virginie vilipita mkononi mwake, na biro ikasimama.

Sheria zake zilikuwa mbili. Hakuna anayemwona metre kabla ya kufungua dosye, yaani kulipia faili la kesi yake: mwenye pesa atoe pesa, asiye nazo alete kuku ao mbuzi, Mama atauza mwenyewe sokoni. Hata baba mdogo wa metre alifungua dosye, akanuna mwezi mzima. Halafu mteja akae kwenye kiti kile, aeleze kesi yake huku Mama Adolphine anamtazama machoni. Aliyeficha kitu alirudishwa kwake na mbuzi wake. Watu walimwita roho mbaya, naye hakujali hata kidogo.

Basi asubuhi moja Virginie akainua kichwa, akasema kuna mtu mlangoni na mbuzi, ni Papa Isidore. Mama Adolphine akageuza kiti chake haraka, akatazama ukuta. Isidore alikuwa mume wa Lucie, binti yake wa pekee. Kwao, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Heshima hiyo inakwisha siku mkwe anapoleta mbuzi wa kufungua macho. Isidore alikuwa ameshazaa watoto wanne na Lucie, na mbuzi hakuonekana. Mama hakuuliza, lakini ilimuuma.

Shida ya Isidore ilikuwa nyumba. Mfanyabiashara mmoja alidai ameuziwa parsele yake, kiwanja pamoja na nyumba, na mahakama ikakubali. Muda wa kukata rufaa ulikuwa unaisha siku hiyo hiyo, saa sita mchana. Kisha Lucie na watoto wangetolewa nje. Mjini hapakuwa na mwanasheria mwingine, na Isidore alikuwa amezunguka siku zote za rufaa kwa aibu ya kuingia biro ya mama mkwe wake. Mkaidi huyo!

Metre akachungulia, akasema aletewe dosye hivyo hivyo, ni mambo ya familia. Mama akakataa. Wakajaribu kupitia Virginie: Mama anauliza ukuta, Virginie anarudia, Isidore anajibu akitazama viatu vyake. Majibu yalikuja mazuri, yamenyooka, na Mama hakuyaamini hata moja. Mtaani walikuwa wanasema Isidore aliuza kweli, akanywea bia. Metre akisimama mbele ya jaji na uongo, nyumba imekwenda, na jina la biro pia.

Saa tano ilikuwa imepita. Mama Adolphine akauliza mbuzi yule ni wa nini. Virginie akajibu ni wa kufungua dosye.

"Hapana," akasema Mama. "Dosye nitafungua mimi, mukate kwa mushahara wangu. Huyu mbuzi njo wangu."

Virginie hakuelewa. Isidore alielewa. Alipita polepole mpaka kando ya meza, akapiga magoti, akaweka kamba mkononi mwa mama mkwe wake. Mama Adolphine akageuza kiti. Kwa mara ya kwanza tangu harusi alimwona mkwe wake vizuri. Mvi zilikuwa zimeanza, na chini ya jicho alikuwa na kovu ambalo mjukuu wa kwanza alikuwa anamsimulia Mama habari zake.

"Ikaa pale," akamwambia, akimwonyesha kiti cha mteja. "Sasa sema. Uliuza ao hukuuza?"

Isidore akakaa. Macho hakuyaangusha.

"Niliuza pembe ya nyuma, Mama, ile ya mihogo. Nilikuwa nimekunywa. Nyumba sikuuza. Kwenye karatasi yao wameandika yote."

Mama Adolphine alimtazama sana. Kisha akafunga kamba kwenye mguu wa meza yake, akasimama, akagonga mlango wa metre.