Barua ya Bwana Shamba kwa Mwandishi Asiyekuwepo

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kasense nikaambiwa kwamba bwana shamba mstaafu, yule ambaye niliwahi kumtania katika safu hii, hatunaye tena. Tulimzika Alhamisi baada ya misa, katika upepo mkavu wa Julai ambao sisi wa Ufipa hatuhitaji kuelezwa. Waombolezaji walimkumbuka kwa mahindi, maana tangu Kaoze mpaka Namanyere kuna wazee waliojifunza kwake kupanda kwa mistari. Mimi nilimkumbuka kwa jambo ambalo halikusomwa kwenye wasifu wake. Alikuwa mpenzi mkubwa wa riwaya za sayari za mbali, za mashine zinazofikiri na za falme zenye majoka yarukayo, na katika mji huu nadhani nilikuwa mtu pekee aliyebaki wa kuzungumza naye habari hizo. Nilirudi nyumbani nikiwa na msiba ambao sikujua nimpelekee nani.

Najua mtacheka. Mtanzania akisikia Sumbawanga na mambo ya ajabu kwa pamoja, mzaha wake wa uchawi uko tayari mdomoni, kwamba hadithi za namna hiyo tunazisoma za nini wakati tunaishi nazo. Mzee mzaha huo ulimchosha. Kila Jumamosi asubuhi alikuja mjini kwa baiskeli, kitabu chake kimefungwa ndani ya mfuko wa mbolea, tukakutana kwenye mgahawa mmoja nyuma ya soko. Mwanzoni tulikuwa watatu, pamoja na mama mmoja mwenye duka la vitenge. Kanuni aliiweka yeye. Hakutaka kusikia kama kitabu ni kizuri au kibaya. Kila mtu alitaja anachosoma wakati huo, ukurasa aliofika, na kinachotokea kwenye ukurasa huo, basi. Kisha lilifuata swali lake la kikazi: "Hao watu wanakula nini, na nani analima?" Mwandishi aliyejenga jiji zima angani bila shamba hata moja alimkasirisha kweli. Nakumbuka alivyotumia asubuhi nzima kunieleza kwamba wahamiaji wa sayari fulani yenye udongo mbovu wasingekufa njaa kama wangefukia nyasi ndani ya matuta ya duara, kama walivyofanya bibi zetu, wakaziacha zioze, halafu wakapanda ulezi. "Hawa wana roketi," alisema kwa masikitiko, "lakini hawana bibi."

Mama wa vitenge alipohamia Mbeya tukabaki wawili. Mzee akajiunga na kundi moja la mtandaoni ambako wapenzi wa vitabu hivi kutoka nchi mbalimbali huandika kila mwezi wanachosoma. Alinisomea orodha zile kwa sauti, jina la kitabu na nchi ya msomaji, kama mtu anayesoma salamu za redioni. Siku moja naye akaandika: kitabu chake, ukurasa wake, na maneno "kutoka Sumbawanga, Tanzania". Jumamosi tatu mfululizo aliniwekea simu mezani tuangalie kama kuna aliyejibu. Hakukuwa na mtu. "Wana kazi nyingi," alisema, akairudisha mfukoni. Nimeifikiria sana habari ile. Tunaambiwa dunia imekuwa ndogo, na ni kweli siku hizi unaweza kuona meza ya mtu aliye ng'ambo, ila kuiona na kukaribishwa kuketi ni mambo mawili. Hata hapa mjini vijana walimpita na "shikamoo mzee" ya haraka, macho kwenye tamthilia na mpira wa simuni, wala siwalaumu.

Sasa niseme kosa langu. Kuna wakati niliacha kusoma kabisa. Sikuwa na sababu ya maana, nilichoka tu, na simu ikachukua nafasi ya kitabu. Lakini mtu anayejiita mwandishi anaona aibu kusema hivyo, kwa hiyo mzee aliponiuliza ninasoma nini, nilibuni kitabu papo hapo. Nikasema kinahusu sayari ya baridi na upepo, ambako kila mtu anaishi peke yake juu ya kilima chake, na majirani hujuana kwa moshi tu. Mwanamke mmoja anaamua kushuka na kwenda kilima hadi kilima, akitafuta atakayemfungulia mlango. Nilidhani ataniuliza wanakula nini tuishie hapo. Badala yake aliacha chai yake ipoe.

"Uko ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na mbili, mzee."

"Basi Jumamosi utanieleza."

Nikamweleza, Jumamosi hiyo na nyingine nyingi. Alipotaka kuazima nilisema kiko kwenye simu na kinakataa kutumwa. Baadaye nikasema simu yenyewe imeharibika. Akawaomba makondakta wa mabasi wamuulizie Mbeya. Kila wiki niliyochelewa kusema ukweli ilifanya wiki iliyofuata iwe ngumu zaidi. Mara ya mwisho tulipokutana, mwanamke alikuwa amefika kilima cha mwisho, moshi unatoka, amebisha hodi.

Kisha mzee akaugua, akaacha kuja. Aliniandikia ujumbe: "Mwandishi, umefika ukurasa wa ngapi?" Nikajibu kwamba kazi zimenibana. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Kasense si mbali, ningeweza kwenda hata kwa miguu. Sikwenda kwa sababu sikuwa na ukurasa wa kumpelekea.

Baada ya maziko binti yake alinifuata.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye mwandishi wa mjini?"

"Marahaba mwanangu, ndiye mimi. Pole sana."

"Baba ameacha barua. Alisema kile kitabu unacho wewe, kwa hiyo utajua pa kuipeleka."

Barua haikuwa yangu. Juu iliandikwa "Kwa mwandishi wa riwaya ya vilima," kwa herufi zilizonyooka za mtu aliyejaza ripoti za mvua maisha yake yote. Alianza kwa kuuliza wanapanda nini kwenye baridi ile, akashauri wajaribu ulezi. Halafu akaandika: "Mimi ni mgonjwa na kitabu chako sijakipata. Sihitaji chote. Niambie tu kama yule mama alifunguliwa."

Sijui kama alifunguliwa. Nilimwacha pale mlangoni kwa sababu sikuwahi kufikiria zaidi ya Jumamosi inayofuata, na mtu mmoja akalala kitandani Kasense akimhurumia. Ningekwenda nikamwambia kitabu hakipo, ni mimi tu ninayekaa siku hizi bila kusoma, angekasirika, kisha nadhani angeniambia nivute kiti tuamue wote wawili kilichotokea. Upweke wake ndio uliokuwa wangu, nami nikauficha ili nionekane msomaji. Ndugu yangu, ukiulizwa unasoma nini nawe husomi kitu, sema husomi. Na kama kuna mtu anayesubiri jibu lako, nenda ukampe angali anauliza.