Nilimpumzisha Nyanya Yangu Bila Kumuuliza

Nilikosea, na sitajificha nyuma ya nia njema. Nia yangu kubwa ilikuwa kuonekana nimesoma.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na digrii ya sosholojia, nimerudi nyumbani karibu na Kaplong kungoja kazi. Kwa vile yangu haikuonekana, nikaanza kuchunguza kazi za wengine.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, alikuwa amepita miaka sabini. Kila siku ya kuuza majani chai, yeye na akina mama wazee wenzake wanne walienda kwenye kituo cha kununulia majani. Majirani walimwaga majani mezani, nao akina mama hao wakayachambua: majani mawili na chipukizi yanabaki, yaliyokomaa yanatupwa, kabla karani wa kiwanda hajafika na kukataa gunia zima. Hakuna aliyewaajiri. Walipiga domo hadi lori lije, na mtu asipoonekana siku mbili, walienda kwake kuuliza kama ni mgonjwa.

Watu waliona wazee wakisaidia. Mimi niliona unyonyaji.

Nilimwendea mwenyekiti wa kituo, Kogo hana habari. Nikamweleza kuwa ni aibu kuwafanyisha wazee kazi ya bure, na kwamba kupumzika ni haki yao. Niliongeza Kiingereza kidogo. Mwenyekiti aliogopa aibu, na Kiingereza pia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wale akina mama watano waliitwa mbele. Kila mmoja alifunikwa blanketi jipya mabegani, akapewa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, wakaombewa na kuagwa rasmi. Nilipiga makofi kuliko watu wote. Kogo alinitazama kutoka ndani ya blanketi.

Wiki ya kwanza aliketi nje akiangalia barabara. Wiki ya tatu nilimkuta kitandani saa sita mchana.

"Kogo, hujavaa viatu?"

"Nivae niende wapi?"

Huko kituoni, karani alikuwa anakataa magunia. Mama Chebet, jirani yetu, aliniita watu wakisikia.

"Profesa! Kuja uone haki zako, zimemwagwa hapa chini."

Wakaniketisha mezani kwenye nafasi ya Kogo, bila malipo. Sikutaja unyonyaji. Nilishika jani moja, nikaligeuza, nikalifikiria.

"Huyu anachambua ama anasoma gazeti?" Mama Chebet akauliza, na foleni nzima ikacheka.

Jioni hiyo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Kogo, aliyekuwa amelala akitazama ukuta, nikamwomba arudi. Nilimwambia watu wanamtaka, hata mwenyekiti amekubali.

"Nirudi vipi?" akasema. "Nilikunywa maziwa ya kuagwa, kanisa lote linaona. Nikirudi sasa, watasema huyu mama hata kuagwa hajui."

"Hawatasema, Kogo."

"Wewe ulikaa Nairobi miaka minne. Mimi nimekaa nao hapa maisha yangu yote."

Wenzake wanne nao walibaki nyumbani kwa sababu hiyo hiyo, kila mmoja na blanketi lake. Na hakuna tena aliyepita kuuliza nani ni mgonjwa, kwa hivyo hata Kogo mwenyewe hakuulizwa.

Siku moja aliniambia, polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Weri, kijana wangu, ulisema kupumzika ni haki. Sasa hiyo haki inaisha lini?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyosomeshwa.

Aliishi mwaka mmoja zaidi, amepumzika kabisa.

Kwa hivyo wewe uliyesoma, ukimwona mzee wa watu anafanya kazi ya bure na roho yako ikachemka kwa niaba yake, funga mdomo kwanza. Muulize yeye, tena mapema. Mimi nilipofika kuuliza, Kogo alikuwa ameshageukia ukuta.