Pasi ya Kushoto

Jumapili tulikuwa tucheze na timu ya Mlimba. Mshambuliaji wao husubiri beki amfuate ndipo atoe pasi. Akiachiwa njia, anakimbia mwenyewe hadi golini. Kuwafundisha mabeki wetu wa Lumemo kumzuia mtu wa namna hiyo, siku zote tulikuwa wawili: mimi na mpira, kaka yangu akikimbia kushoto kwangu. Beki alitakiwa abaki katikati yetu, arudi nyuma taratibu mpaka niamue.

Wiki mbili baada ya kumzika kaka, niliwaendea mabeki na mpira peke yangu. Beki wa kati, muuza samaki sokoni, akanijia moja kwa moja.

“Mbona unanivamia?”

“Sasa kocha, leo utampasia nani? Refa?”

Wenzake wakacheka. Nikamwambia turudie, abaki katikati kama zamani. Akabaki. Nikatoa pasi kushoto kwa mazoea, mpira ukatoka uwanjani ukaingia kwenye majaruba ya mpunga.

“Hivyo hivyo,” nikamwambia. “Jumapili usimfuate, baki katikati.”

Alitaka kwenda kuuchukua mpira. Nikamkatalia, nikavua viatu nikaingia majini mwenyewe, maana sikutaka wanione uso.